Breki ya Pili

Ukitaka kujua kiasi gani mwanamume anaweza kumchukia mwenzake, watume wawili wakamnunulie mtoto mmoja zawadi moja. Mwalimu na Turbo walifika kwenye duka la gokati, vile vigari vidogo vya mbio, kila mmoja na gari lake, wakaegesha kila mmoja upande wake wa lango, na hakuna aliyemwamkia mwenzie. Katikati yao alisimama Nukta, binti wa miaka tisa, mwembamba, amewashika mikono wote wawili. Kila mmoja alikuwa akimvuta kidogo kuelekea kwake na kujifanya havuti.

Mwalimu hakufundisha kusoma na kuandika. Alifundisha udereva. Gari lake la shule lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na hapo ndipo alipoketi miaka nenda miaka rudi, mguu wa kulia ukielea juu ya pedali, tayari kuwasimamisha watu wazima waliodhani wameshajua. Mguu ule uliharibika kwa mazoea. Akipanda gari la mtu, ulikanyaga sakafu. Mkewe akisimulia jambo kwa haraka, ulikanyaga chini ya meza. Hata usingizini ulikanyaga shuka. Mkewe alizoea kuwaambia mashoga zake kwamba yeye hakuolewa na mume peke yake, aliolewa na mume na breki yake.

Turbo ndiye aliyemzaa Nukta. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kifua mbele na sauti ya honi. Aliondoka binti yake akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Barabara ilimnogea tu kuliko nyumba, akaifuata. Mwaka huu karudi na nyumba mpya, bati jipya, na maneno mapya: anamtaka mwanawe akaishi kwake.

Mama yake Nukta, ambaye sasa ni mke wa Mwalimu, alikuwa mwokaji mikate, na mtu anayeamka alfajiri kukanda unga hana subira na wanaume wanaobishana mlangoni kwake. Aliwaambia wote wawili: "Mtoto ana mdomo wake. Jumapili jioni atasema mwenyewe anataka kukaa wapi, na atakalosema ndilo. Mpaka hapo, atakayemuuliza au kumrubuni nitajua la kumfanya." Kuhusu gokati, ambayo kila mmoja alikuwa amemwahidi mtoto kwa siri bila kujua kama mwenzie naye kaahidi, alisema hivi: "Mtanunua moja, na mtakwenda pamoja. Mkirudi na mbili, mtalala nje nazo."

Na leo ndiyo ilikuwa hiyo Jumapili.

Tuseme wazi, Mwalimu aliogopa. Alimpokea Nukta akiwa bado anatambaa. Yeye ndiye aliyemshika vidole akisimama dede, aliyekesha naye siku za surua, aliyemsuka nywele mama akiwa kazini, akazisuka vibaya mpaka shuleni wakamcheka. Damu yake haikuwamo kwa yule mtoto hata tone. Alichokuwa nacho ni miaka tu, na miaka haionekani usoni. Mtoto akiondoka, yeye angebaki kuwa nani? Na kulikuwa na jambo lingine lililomkera kimyakimya: Nukta alimwita Turbo "Baba", bila kujiuliza, siku ya kwanza tu aliporudi. Yeye aliyemlea alimwita "Mwalimu", kama walivyomwita wanafunzi wake, muuza maji na kila mtu mtaani.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mpana aliyevaa ovaroli, anaitwa Mama Spana, na mdomo wake ulikuwa na makali kuliko zana zake. Ukumbi wa duka ulinuka mpira na grisi. Gokati zilipangwa sakafuni, ndogo kwa kubwa, na nyingine zimetundikwa ukutani pua juu. Aliwatazama wale wanaume, akamtazama mtoto.

"Dereva ni nani kati yenu?"

"Huyu," walisema wote pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kwa kusema pamoja.

"Nauliza kwa sababu ngumi mmekunja nyinyi."

Turbo hakungoja kuelezwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gokati nyekundu ya petroli iliyokuwa mwisho wa safu, injini yake wazi nyuma ya kiti, ekzosi, bomba lake nene la moshi, imechomoza ubavuni. Akaipiga kofi kitini. "Hii hapa. Mambo yamekwisha."

"Hiyo ya mtu mzima," alisema Mwalimu.

"Sijaongea na wewe."

"Naongea na gokati. Gokati, wewe ni ya mtu mzima."

Nukta alicheka kidogo, kisha akamwangalia Turbo na kuacha kucheka. Turbo alimbeba akamkalisha. Mtoto alizama. Kidevu chake kilikuwa sawa na usukani, na alipoinyoosha miguu yote, ncha za viatu vyake zilifika karibu na pedali lakini hazikuzigusa.

"Atakua nayo," alisema Turbo. "Kwani viatu vya shule humnunulii vikubwa? Unaweka pamba mbele, mwaka unapita. Hapa tunaweka mto mgongoni, basi."

"Kiatu kikimvuka, wenzake watacheka. Hii ikimvuka, tutalia sisi."

"Weka mto," Mama Spana akadakia, "halafu siku akibana breki, mto uteleze, naye ateleze chini ya usukani. Mimi siuzi hiyo kwa mtoto huyu. Ukitaka, kakate miguu ya mtu mwingine umuunge." Akamwinua Nukta mwenyewe, akamshusha. "Na hiyo ekzosi haina kinga. Akishuka upande huu ataacha ngozi ya kigimbi chake hapo."

Mwalimu alitabasamu. Hakujaribu hata kuficha. Turbo aliliona lile tabasamu, na mshipa ukamsimama shingoni.

"Haya, mtaalamu," alisema Turbo. "Tuoneshe ya kwako."

Ya Mwalimu aliichagua tangu wiki iliyopita, alipopita peke yake kuchungulia dirishani. Ilikuwa ya betri, ya bluu, ya chini, imezungushiwa bampa pande zote. Ilikuwa na fremu ya chuma juu ya kichwa cha dereva, na kwa sababu ilikuwa na fremu, ilikuwa na mkanda pia. Cheni ilifunikwa yote, nywele au kamba ya kiatu isingeweza kuingia. Kiti kilisogea mbele na nyuma. Mama Spana alimkalisha Nukta, akakisogeza mpaka miguu ikafika kwenye pedali magoti yakiwa yamekunjika kidogo, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na kifua, akatikisa kichwa kukubali.

"Hiki ni kitanda cha mtoto kilichowekwa magurudumu," alisema Turbo. "Hata kinyesi cha ng'ombe kitakipita."

"Kinyesi hakitembei," alisema Nukta.

"Kwa mwendo huo kitakuwa kimepata muda wa kujifunza." Turbo akageuka. "Sikiliza, bwana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi namjua huyu ana damu gani. Huyu si mtoto wa kufungwafungwa kama mzigo."

"Kuzaa si kazi," alisema Mwalimu, "kazi kulea. Huyo unayemjua damu yake, unajua anavaa kiatu namba ngapi?"

Turbo aliangalia viatu vya mtoto. Hakujua. Mwalimu alisubiri jibu, kwa makusudi. Mtoto aliangalia mikono yake mwenyewe juu ya usukani.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," alisema Mama Spana, "lakini mimi hata kunguru mmenichosha. Methali zenu mwende nazo nyumbani. Mnanunua au hamnunui?"

Kisha akatoa mfukoni kitu kidogo cheusi chenye kitufe chekundu na cha kijani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa kwa wakati ule kilionekana kuwa kitu cha kuleta amani.

"Hii gokati ina rimoti yake," alisema. "Ukibonyeza nyekundu, mota inakatika hapo hapo na magurudumu yanabanwa, taa nyekundu inawaka mbele ya mtoto. Haiendi tena mpaka ubonyeze kijani. Ni ya dharura. Mtoto akipoteza breki, akielekea ukutani, unamsimamisha. Si ya kuchezea. Na usimzime akiwa anatoka kwenye kona, kwa sababu aliye nyuma hatamwona. Mmenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Mwalimu, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

"Lete hapa," alisema Turbo. "Mimi ndiye baba."

"Mimi kazi yangu ndiyo hii. Kila siku ya Mungu nashika breki ya mtu mwingine."

"Kashike ya wanafunzi wako."

"Iko moja tu," alisema Mama Spana, "na sitaikata vipande. Mtoto aseme."

Wote wakamgeukia Nukta. Mtoto yule alikuwa amechoka kuulizwa, na siku yenyewe ilikuwa bado haijafika mahali pa kuulizwa lile swali kubwa. Aliiangalia rimoti, akamwangalia Baba, akamwangalia Mwalimu.

"Mwalimu ashike," alisema polepole. "Yeye amezoea. Baba, wewe simama pale kwenye matairi, unishangilie."

Aligawa vizuri, kama mtoto aliyeshazoea kugawa. Lakini Mwalimu hakusikia mgawo. Alisikia ushindi tu. Aliipokea rimoti, akaifunga kiganjani, na akampitia Turbo begani alipokuwa akitoka nje, ingawa mlango ulikuwa mpana wa kutosha watu watatu.

Nyuma ya duka palikuwa na kiwanja cha lami, njia ikizunguka kama yai, kando zote zimepangwa matairi makuukuu yaliyofungwa kwa minyororo. Wateja walijaribia hapo. Binti wa mteja mwingine, mkubwa kidogo kuliko Nukta na mzito, alikuwa tayari anazunguka na gokati ya petroli. Mama Spana alimvika Nukta helmeti, akaitikisa kichwani kuona kama inacheza, akaifunga kamba chini ya kidevu. Nywele zake zilifungwa nyuma na kuingizwa ndani ya kola. Kisha mwanamke yule akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya mwendo chini ya kiti.

"Nimeufunga mwendo chini kabisa," alimwambia Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. "Hata akikanyaga mpaka mwisho, haendi zaidi ya mtu anayekimbilia basi."

Nukta alianza taratibu. Mwalimu alisimama mahali ambapo njia inatoka kwenye kona ya mwisho, rimoti kifuani, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukatulia. Mtoto alijua. Alipunguza kabla ya kona, hakusubiri kuingia ndani yake. Macho aliyaweka mbali, hakuyaangusha puani mwa gokati. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamfundisha hayo. Ameyaokota miaka yote kwenye kiti cha nyuma cha gari la shule, akisikiliza wanafunzi wakikaripiwa, mfuko wa madaftari mapajani. Mwalimu alitaka kumwambia mtu, "Mnaona? Hayo yametoka kwangu." Lakini mtu aliyekuwa karibu alikuwa Turbo.

Na Turbo alikuwa amepanda juu ya matairi.

"Kanyaga!" alipiga kelele, mikono juu. "Kanyaga, simba wangu! Wamezoea kukuficha, waoneshe!"

Nukta alikanyaga. Gokati haikuweza kwenda sana, lakini mtoto hakujua hilo, yeye alidhani anapaa. Akacheka. Mwalimu alikijua kila kicheko cha yule mtoto, cha kutekenywa, cha uongo, cha kuficha kwamba kavunja glasi. Hiki hakukijua. Kilitoka tumboni, kikapasuka ndani ya helmeti, na kilimwendea yule aliyesimama juu ya matairi.

"Baba! Baba, niangalie!"

Alipita mbele ya Mwalimu bila kugeuza kichwa. Akazunguka, akapita tena, bado anacheka, bado macho yako kule. Turbo sasa alikuwa anaruka juu ya matairi kwa mguu mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, na mtoto alikuwa akilia kwa kicheko.

Baadaye Mwalimu angejiambia mambo mengi. Kwamba aliona gokati ikiyumba. Kwamba binti wa nyuma alikuwa akimkaribia mno. Kwamba jua lilimpiga machoni. Sisi tusimsaidie kusema uongo. Mkanda ulikuwa umekaza, mwendo ulifungwa kwa skrubu, njia mbele ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na hatari yoyote ila kile kicheko. Nukta alikuwa anatoka kwenye kona, anakuja upande wake, na kidole gumba cha Mwalimu kikafanya kile ambacho mguu wake ulifanya maisha yake yote mtu alipoenda mahali ambapo yeye hakumtuma.

Gokati ilikatika na kuganda papo hapo. Taa nyekundu iliwaka. Nukta alisukumwa mbele, mkanda ukamrudisha. Kwa dakika hiyo hiyo yule binti mzito alitokea kwenye kona, akaona kitu kimesimama ambapo hakipaswi kuwa na kitu, akabana breki akiwa amechelewa, na akamgonga kwa nyuma. Bampa zilifanya kazi yake na fremu ikafanya kazi yake, lakini gokati ilizungushwa nusu duara na kulazwa ubavu kwenye matairi, na mkono wa Nukta ukabanwa kati ya usukani na goti lake.

Kabla vumbi halijatulia Turbo alikuwa amesharuka. Alimfungua mkanda, akamvua helmeti. Damu ilikuwa mdomoni, mtoto alikuwa ameuma mdomo wa chini. Kifundo cha mkono wa kushoto kilianza kuvimba. Alikuwa halii. Alikuwa anatweta na kuangalia huku na huku.

Mwalimu alifika wa mwisho. Alikuwa amesimama karibu kuliko wote, na alifika wa mwisho. Rimoti ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali.

"Nini kimetokea?" alifoka Turbo. "Kwa nini imesimama?"

"Imezima yenyewe," alisema Mwalimu. Maneno yalitoka laini kabisa, kana kwamba yalikuwa yakisubiri nyuma ya meno.

Hapo Turbo alimgeukia Mama Spana. Matusi aliyomwaga hayaandikiki. Alimwita tapeli, alimwita muuaji, akamwambia atarudi na lori lake alipitishe juu ya duka zima pamoja na yeye mwenyewe ndani. Mama Spana hakurudi nyuma hata hatua. Alimfunga mtoto bandeji, akaikaza vizuri, akampa maji asukutue, halafu akaenda kwenye ile gokati iliyolala ubavu na kuisimamisha kwa mkono mmoja.

"Hii taa," alisema, "haiwaki yenyewe. Inawaka mtu akibonyeza. Imebonyezwa." Akamgeukia Mwalimu. Hakumtazama usoni, alimtazama mfukoni. "Nilikwambia usimzime akiwa anatoka kwenye kona."

Yule binti mwingine alikuwa salama ila analia. Turbo aligeuka taratibu. Uso wake ulianza kuelewa, na ulipoelewa ulitisha.

"Wewe?"

Mwalimu alitafuta neno. Alitaka kusema ilikuwa hatari. Alitaka kusema ilikuwa bahati mbaya.

"Mimi nilimwambia," alisema Nukta.

Wote wakamtazama. Alikuwa amekaa juu ya tairi, damu imemkauka kidevuni, mkono umefungwa kifuani.

"Nilimfanyia ishara azime. Nilichoka."

"Ulichoka?" alisema Turbo. "Ulikuwa unacheka!"

"Nilichoka kucheka."

Turbo hakuamini, lakini ungemwambia nini mtoto mwenye damu mdomoni? Alipumua kama injini inayopoa, akatema mate pembeni ya kiatu cha Mwalimu, karibu kabisa, akaishia hapo. Mwalimu alisimama mahali pale pale. Angetukanwa angeweza kujibu. Angepigwa angeweza kurudisha. Ameokolewa na mtoto wa miaka tisa, kwa uongo uliotoka haraka na bila kigugumizi, na hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Uongo ule haukuwa wa mwanafunzi. Mtoto yule alishajua, tangu Turbo arudi, kwamba ukweli ukiusema mbele ya wale wawili ni petroli, na alikuwa amejifunza kuuweka mbali na moto.

"Basi twendeni," alisema Turbo. "Hapa hatununui kitu."

"Mimi nataka," alisema Nukta.

"Mama, umeumia."

"Nataka. Ila siyo ile ya bluu."

Aliingia ndani mwenyewe. Wanaume wakamfuata, mmoja huku, mmoja kule. Alizipita gokati moja moja, akiangalia kama mtu mzima anayechagua nyanya. Nyekundu ya Turbo aliipita bila kusimama. Alisimama kwenye moja ya rangi ya machungwa, ya betri, yenye fremu na mkanda na kiti cha kusogeza, bampa zake zimechubuka kidogo kwa kujaribiwa sana, na skrubu yake ya mwendo tayari imekazwa. Akakaa. Akasogeza kiti mwenyewe kwa mkono wake mzima mpaka miguu ikafika. Akaingiza vidole viwili chini ya mkanda, kama alivyoona.

"Hiyo haina rimoti," alisema Mama Spana.

"Najua."

"Sikia huyo!" Turbo akapiga makofi. "Si nilisema? Mtoto hataki kufungwa! Tukifika nyumbani tunailegeza na ile skrubu, inapaa."

"Skrubu iachwe ilivyo," alisema Nukta. Hakumtazama. "Asiiguse mtu."

Makofi ya Turbo yaliisha yenyewe. Mama Spana alimwangalia mtoto muda kidogo.

"Kwa mwendo huu," alisema, "breki yako mwenyewe inatosha."

Gokati ilipakiwa kwenye pikapu ya Turbo, akatangulia nayo. Nukta alipanda gari la shule, kiti cha nyuma. Mwalimu aliendesha kwa uangalifu kuliko siku zote, mikono miwili kwenye usukani. Walipita maduka yaliyofungwa, kituo cha mafuta, ukuta mrefu wa shule. Aliye nyuma ndiye aliyeanza.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Mbele hakukuwa na kitu."

Mwalimu alikaza macho barabarani.

"Nilikuona mkono ukibonyeza. Nilikuwa nakuangalia." Alivuta pumzi kupitia ule mdomo uliovimba. "Zile raundi mbili za kwanza zilikuwa za Baba. Hiyo ilikuwa ya kwako. Nilitaka nikupungie."

Mwalimu alipunguza mwendo. Alitaka kusimamisha gari pembeni ya barabara. Hakuthubutu kusimamisha.

"Nisamehe," alisema.

"Sawa." Aliisema haraka, kama anavyosema mtoto anayetaka mtu mzima aache. Kisha, baada ya nyumba kadhaa: "Nitamwambia mama nabaki."

Alilisubiri neno hilo miezi. Alikuwa ameliombea. Lilipokuja alilishika kwa pupa, aibu yote ikasahaulika kwa dakika moja. "Unabaki na sisi?"

"Kwa Baba sina rafiki hata mmoja. Na shule ni mbali." Alifikiri. "Na mama yuko hapa."

Mwalimu alingoja. Orodha ilikuwa imekwisha.

"Lakini nikikua," alisema Nukta, "sitaki unifundishe gari wewe. Nitatafuta mtu mwingine."

Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake. Alifundisha wake za wakubwa na watoto wa maskini, alifundisha watu waliokuwa wakitetemeka wakiona usukani, na wote siku ya kufaulu walirudi kumshukuru. Alifungua mdomo kuuliza kwa nini, kisha akaufunga, kwa sababu alijua na mtoto alijua kwamba anajua.

"Sawa," alisema.

Akawasha taa ya kukata kona, akalisubiri gari lililokuwa likija lipite, kisha akaingia mtaa wao. Pikapu ya Turbo ilikuwa imeshaegeshwa, na mkewe alikuwa mlangoni, unga bado mikononi, anangoja kusikia mtoto kasemaje.